Maswali ya Wasomaji: Gugu Maji Bwawani, Lantana Uani

SWALI: Nimepewa miche mitatu ya gugu maji. Maua yake ya zambarau yananivutia mno. Bwawa langu ni dogo, la saruji. Nikiwa ninayapunguza kila mara, kuna ubaya gani?

JIBU: Usiyaweke. Uzuri wake hatuupingi: petali ya juu ina doa la njano lililozungushiwa buluu, wala si rahisi kupata ua la majini linalolipita. Lakini kila mmea hutoa vitawi vinavyotambaa juu ya maji, na kwenye ncha ya kila kitawi huota mmea mpya. Maji yakiwa na joto na rutuba (kinyesi cha samaki kinatosha), magugu huongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Ua likinyauka, bua lake hupinda kuelekea majini na kumwaga mbegu, nazo huweza kukaa hai kwenye tope zaidi ya miaka 15. Ukizoa tope hilo ukalimwaga mtaroni, umeyapanda upya. Saruji nayo haizuii kitu siku bwawa likifurika, kwani vikonyo vya majani vimevimba na kujaa hewa, hivyo mmea huelea hadi mtoni. Huko hutanda, mwanga usipite, oksijeni ipungue, samaki wafe.

Kama umeshayaweka, yaopoe kwa wavu pamoja na mizizi kabla hayajachanua. Usiyakatekate majini, maana kipande chenye chipukizi huendelea kuota. Yaanike mbali na mtaro, mizizi juu, kwa tabaka jembamba. Kwenye rundo nene, yale ya katikati hubaki mabichi. Kisha kagua ukingo wa bwawa kila wiki ung'oe miche midogo. Badala yake, panda kwenye chungu yungiyungi wa asili ya eneo lako.

SWALI: Nikikata maua ya lantana, kile kichaka cha mapambo chenye mashada ya maua madogo, kabla ya kuzaa, inatosha kuizuia isienee?

JIBU: Inapunguza tu. Shada moja likikuponyoka, ndege watakula matunda na kuzisambaza mbegu. Hata aina zinazouzwa kuwa hazizai, baadhi hutoa chavua inayochavusha lantana za porini. Ukikata shina bila kung'oa kisiki, huchipua tena, kwa hiyo chimba hadi chini ya shingo ya mizizi (pale shina linapokutana na mizizi), ukivaa glavu. Matawi usiyatupe penye ng'ombe au mbuzi: majani yake huharibu ini, na ngozi ya mnyama ikipigwa na jua hubabuka.