Mchicha nafaka si wali

Swali la wiki hii lilikuwa: “Kila mtu anausifu mchicha nafaka, lakini ukishanunuliwa unakaa stoo mpaka unasahaulika. Ninyi mnaoula, mnaupikaje?”

Naandika kutoka Dodoma, na nitaanza na kosa lenyewe: mchicha huu hulimwa kwa ajili ya mbegu zake, na wengi wanazipika kama wali. Wanapima maji, wanafunika, wanasubiri punje zichambuke. Hazichambuki. Wanga wa mbegu hii karibu wote ni ule unaonata, kwa hiyo ikiiva inatoa rojo, na ndani ya rojo vile vipunje vinaendelea kudundadunda chini ya jino. Aliyetegemea wali anasema chakula kimeharibika, mfuko unarudi stoo. Wakati kwetu Ugogoni, ambako mlenda ni mboga ya kila siku, kuteleza si sababu ya kukataa chakula.

Mimi nasema uliwe kwa sura tatu: rojo, bisi, na unga wa bisi. Ukiwa na nafasi ya kujifunza moja tu, jifunze bisi.

Kwanza hakikisha umenunua chakula. Mbegu za mchicha wa mboga ni nyeusi na zinang’aa kama shanga. Za nafaka zimepauka, rangi kati ya maziwa na dhahabu, na upana wake ni kama milimita moja. Nyeusi si sumu, ila ganda lake ni gumu. Hata baada ya nusu saa jikoni unatafuna kitu kama changarawe. Hatari iko kwenye pakiti za duka la pembejeo: mbegu zilizopakwa rangi ya waridi, bluu au kijani zimetiwa dawa, na hakuna kuosha kunakoziokoa. Hizo ni za shamba. Nunua kwa muuza nafaka au kwa mkulima, na kabla hujalipa tia punje chache mdomoni utafune. Zikikwaruza meno, kuna mchanga.

Na mchanga upo karibu kila mara. Masuke hupigwa chini, udongo wetu ni wa kichanga, na chembe ya mchanga inalingana na punje kwa ukubwa. Ungo unaondoa makapi na vumbi, mchanga unabaki. Chekeche linapitisha vyote viwili. Kinachovitenganisha ni maji. Weka vikombe viwili vya mbegu kwenye bakuli pana, jaza maji, vuruga kwa mkono mpaka yazunguke, hesabu moja mpaka tatu, kisha mimina taratibu maji pamoja na mbegu zake kwenye bakuli la pili, ukiacha kama kijiko kimoja au viwili vya chini kabisa. Mchanga ni mzito, unazama kwanza, mbegu zinachelewa. Rudia mara nne au tano, mpaka ukipapasa chini kwa kidole usisikie kitu. Masalia ya mwisho wape kuku, kuyapigania ni kujitafutia kazi.

Chujio la chai lenye matundu makubwa litazipeleka mbegu zote kwenye karo. Tumia kitambaa cha kuchujia tui. Mbegu za rojo ziingie sufuriani hivyohivyo zikiwa na maji. Za bisi zianikwe juani juu ya kitambaa safi, tabaka jembamba, siku nzima, zikigeuzwageuzwa. Jua la Dodoma mwezi wa Julai halihitaji msaada wowote. Upepo wake ndio tatizo: weka mawe pembeni na ufunike kwa neti, la sivyo unaurudisha mchanga uleule uliohangaika kuutoa. (Mkulima unayesoma hapa: ukipigia masuke juu ya turubai, aya hizi mbili hatuzihitaji.)

Rojo ni rahisi. Kikombe kimoja cha mbegu, kama gramu 190, kwa vikombe viwili na nusu vya maji. Ukiweza, roweka usiku kucha na umwage maji ya kulowekea. Ikichemka punguza moto, funika nusu, iache dakika 20 hadi 25 huku ukikoroga, maana inashika chini. Sufuria isijae zaidi ya nusu. Povu lake linapanda ghafla kama la maziwa. Epua ikiwa bado nyepesi kidogo, uiache dakika 10, itakaza yenyewe. Maziwa yaingie dakika tano za mwisho, kwa sababu ukianza nayo yataungua chini kabla mbegu haijaiva. Na kama nyumbani kuna mtu hataki hata kuiona, ifiche: kiganja kimoja kwenye sufuria ya kunde, dakika 25 kabla ya kuepua, kinafanya mchuzi mzito na hakuna atakayeuliza.

Sasa bisi. Kinachopasua punje ni unyevu uliomo ndani yake kugeuka mvuke kwa ghafla. Moto ukiwa mdogo unyevu unakauka polepole, mvuke unatoroka, na unabaki na mbegu za kahawia, ngumu, zisizo na kazi. Kwa hiyo kikaango kiwe cha moto kabla mbegu haijaingia. Sufuria nyepesi ya alumini ina sehemu zinazochoma na sehemu zilizolala. Chukua kikaango cha chuma au sufuria nzito yenye kina, kavu kabisa, bila mafuta, juu ya mkaa ulioshika vizuri. Dondosha tone la maji. Likitulia mahali pamoja na kuchemka, bado. Likivunjika vishanga vinavyokimbia huku na huku kisha vikatoweka, tayari.

Tia kijiko kimoja cha chakula, si zaidi. Ukitia viwili, chuma kinapoa na zilizo juu haziguswi na moto. Ndani ya sekunde chache zitaanza kuruka. Zisukume mfululizo kwa kitambaa kikavu cha pamba kilichofungwa kwenye ncha ya mwiko. Mwiko mtupu unapita juu ya mbegu na kuziacha zimelala. Kazi yote ni sekunde 15 hivi. Milio ikianza kupungua, mimina kwenye sinia hapohapo, hata kama umeona za manjano zimebaki. Ukingoja ya mwisho ipasuke, ya kwanza imeshaungua, na chache zilizoungua zinautia uchungu unga wote. Harufu unayoitafuta ni ya karanga iliyokaangwa. Ukisikia ya ukoko, umechelewa. Futa kikaango kwa kitambaa, kipe sekunde kadhaa kirudishe moto, tia kijiko kingine. Inachosha kwa dakika kumi za kwanza, kisha mkono unazoea.

Chekecha kwa chekeche la unga: zisizopasuka zinadondoka, bisi zinabaki juu. Zikidondoka chache, ni kawaida. Zikidondoka nusu, sababu ni moja kati ya mbili. Ama kikaango hakikuwa na moto wa kutosha, ama mbegu zimekauka kupita kiasi, jambo la kawaida huku kwetu mwisho wa kiangazi. Dawa ya hili la pili: kikombe kimoja cha mbegu, kijiko kimoja cha chai cha maji, funga kwenye chupa, tikisa vizuri, acha mpaka kesho, halafu jaribu tena.

Bisi zikishakuwepo, unga si kazi tena. Mbegu mbichi usizipeleke mashineni peke yake. Chekeche la mashine ya mahindi limetobolewa kwa ajili ya mahindi. Punje hizi zinapita nzima, unarudishiwa mbegu zako zikiwa na joto tu, nyingine zimebaki kwenye kona za mashine, na juu yake umepewa unga wa aliyekutangulia. Bisi ni laini, zinasagika kwa kinu au kwa blenda kavu. Ukitaka kusaga nyingi mashineni, changanya kilo moja ya bisi na kilo tatu za uwele, zisagwe pamoja.

Kiasi hicho cha moja kwa tatu ndicho mpaka wa ugali. Ukizidisha, ule wanga unaonata unashinda: ugali unashika mwiko, unashika vidole, haufinyangiki. Kwa chapati rudi nyuma zaidi, kikombe kimoja kwa vinne vya unga wa ngano, na donge lipumzike nusu saa, kwani mchicha hauna ile nguvu ya kuvutika iliyomo kwenye ngano na chapati inachanika ukiisukuma.

Kwa uji wa lita moja ya maji, chukua robo tatu ya kikombe cha unga wa uwele na robo kikombe ya unga wa bisi. Uwele uvurugwe kwa maji baridi, uingie kwenye maji yanayochemka, uive dakika 15. Unga wa bisi umeshaiva kwenye kikaango. Ukiutupa kwenye uji wa moto unanyonya papo hapo na kufanya mabonge. Nao uvuruge kwa maji baridi kwanza, uutie dakika tano za mwisho. Epua, acha upoe mpaka kiasi cha kunyweka, kisha koroga vijiko viwili vya chakula vya unga wa ubuyu.

Ubuyu hauko hapo kwa ladha tu. Gramu 100 za mbegu kavu za mchicha zina protini gramu 13 hadi 14, yenye lisini, moja ya sehemu zinazoijenga protini, ambayo mahindi na uwele vina kidogo, na chuma miligramu 7 na ushee. Ila mbegu hiyohiyo ina fitati inayokishika chuma kisifyonzwe vizuri. Kuroweka kunapunguza fitati kiasi, na vitamini C ya ubuyu inasaidia mwili kukipata chuma kilichobaki. Vitamini hiyo inaharibika kwa moto, ndiyo maana ubuyu unasubiri uji uepuliwe. Chai ya rangi inafanya kinyume, basi isiandamane na uji; ingoje saa moja au zaidi. Na chagua ubuyu au maziwa, kwani vikikutana kwenye uji wa moto maziwa yanakatika.

Ule unga wa lishe wa nafaka kumi sina imani nao. Kila kitu mle kina muda wake wa kuiva, na karanga zikishasagwa pamoja na vingine zinauchachisha mfuko mzima ndani ya wiki chache. Uwele na mchicha vinatosha. Karanga saga pembeni, tia kikombeni. Wala mahindi yenye ukungu hayatakaswi kwa kuchanganywa na mbegu nzuri. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haitoki kwa kuchemshwa.

Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu: chupa kavu ya kioo, mbegu theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mbegu juani. Zikiwa kavu na chombo hakipitishi hewa, zinakaa mwaka. Unga haukai hivyo, una mafuta karibu asilimia 7 na unachacha, kwa hiyo saga wa wiki mbili tu.

Bisi zinazobaki zifanye kashata. Vikombe vinne vya bisi, nusu kikombe cha asali, hata ile nyeusi ya Manyoni, robo kikombe ya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chemsha asali na sukari kwa moto mdogo. Tone likitumbukizwa kwenye maji baridi likafanya kidonge unachoweza kukibonyeza, epua, mimina bisi, changanya upesi. Tandaza kwenye sinia iliyopakwa mafuta, kandamiza kwa kitako cha kikombe, na ukate baada ya dakika 10, zikiwa bado vuguvugu. Zikipoa kabisa kisu kinazivunja ovyo. Zikikataa kushikana, asali haikuchemka vya kutosha. Zikivunja meno, ilizidi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe, kwa sababu ya asali. Yeye, akishatimiza miezi sita, mpe uji.