Kabla hujazungushia neno wino mwekundu

Mwaka wangu wa kwanza kusahihisha hadithi za mashindano ya wanafunzi hapa Kigoma, nilikata alama mbili kwa neno moja. Mtoto wa Kibirizi alikuwa ameandika: "Baba alirudi na kipe alfajiri, karabai moja imezimika, akatupita bila salamu." Kipe? Mimi nimekulia Morogoro, na kamusi niliyokuwa nayo haikunisaidia. Nikalizungushia wino mwekundu. Mwenzangu wa Ujiji akachungulia, akacheka. "Mwalimu, tangu uhamie hapa hujafika mwaloni?"

Jumamosi nikashuka. Kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa magogo; wavu unashushwa katikati, taa zinawavuta dagaa. Sasa weka "mtumbwi" kwenye ile sentensi uone. Utapata baba mwingine kabisa, yuko peke yake na ndoano.

Ninyi mnaoanza kazi hii, jueni kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Ndivyo ilivyoamuliwa Mombasa mwaka 1928. Ziwa Tanganyika halikualikwa kikaoni. Neno likikosekana kwenye kamusi, mtoto wa mvuvi ana kosa gani?

Wiki hiyohiyo, naona haya kusema, nilimjazia alama mwingine aliyeandika: "Bibi alikaanga migebuka kwa mahadhi adhimu." Nilidhani huo ndio ufundi. Mahadhi ni ya wimbo, na kwenye hadithi ile hakuna aliyekuwa akiimba. Angesema mawese yalikuwa yakiimba kikaangoni, ningeyapokea mahadhi yake kwa mikono miwili. Hapo kata, lakini kata kwa kuwa neno limekaa pasipo pake. Ugumu wake usiuguse.

Siku hizi nasoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Ya pili naweka nukta ya penseli kwenye kila neno lililonishinda, kisha najiuliza kama nilipotea au sentensi ilinivusha. Ile ya kipe ilikuwa imenivusha: alfajiri, karabai, baba aliyechoka, ningetulia kidogo tu ningejua ni uvuvi wa usiku. Mwandishi akinipoteza mara tatu kwenye ukurasa mmoja, nakata hata kama kila neno lake lipo kwenye kamusi.

Nilirudi kutoka Kibirizi nikitaka kumrejeshea yule mtoto alama zake mbili. Orodha ya washindi ilikuwa imeshabandikwa.