Umbali wa mto: ramani na simu

Ndugu, ramani yako ya safari ya mashua kutoka Jinja, Uganda, inaonyesha kilomita pungufu kuliko simu uliyopimia safari hiyo, yaelekea kwa sababu mchoraji alipima kwa mistari iliyonyooka na kukata kona za Mto Nile, ilhali simu huhesabu hata pale mashua inapovuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwenye ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 1 ni mita 500, laza uzi katikati ya mkondo, ufuate kila kona, kisha uunyooshe kwenye rula. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni umri wa ramani: kwenye mto huo, bwawa la Bujagali lilizinduliwa mwaka 2012 na la Isimba mwaka 2019, na maporomoko kadhaa yaliyochorwa kabla ya hapo sasa yamefunikwa na maji.