Maswali na Majibu: Kuwarudisha Tombo Shambani

Maswali ya safari hii yanahusu kware wadogo wa mwituni, yaani tombo, ambao baadhi ya wakulima wa mkoani Mwanza wanasema hawawasikii tena mashambani mwao.

Nina ekari sita huko Magu, nusu ni pamba na nusu ni malisho. Nianzie wapi?

Anzia kwenye malisho, kwa sababu tombo hufuata mvua na majani: huja nyasi zinapoota, hutaga ardhini chini ya shungi la nyasi, na kificho kikiisha huhamia kwingine. Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa mvua zinapoanza ili ng'ombe wayakute yamestawi wakati wa kiangazi, na utaratibu huo hulinda nyasi katika miezi ileile ambayo tombo huzaliana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili nyingi kwa kuzuia mifugo na kuacha uoto ujirudie wenyewe.

Funga walau ekari moja iliyo mbali na nyumba, maana paka na mbwa huharibu viota vya ardhini kuliko wengi wanavyodhani. Nyasi zisisongamane mno, kwa kuwa kifaranga wa tombo ni mdogo sana na huhitaji vijia vya udongo mtupu kati ya shungi na shungi. Utakapoifungua ngitili, usiwaache ng'ombe wale mpaka chini. Bakiza ukanda wa majani makavu pembezoni.

Pamba nayo ina sehemu yake. Vifaranga katika wiki zao za kwanza hutegemea zaidi wadudu, na dawa inayoua funza wa vitumba huua pia panzi. Kagua mimea kabla ya kupulizia badala ya kufuata tarehe tu, kisha uache mita chache za mpaka wa shamba bila dawa.

Je, nikinunua kware wa kufugwa na kuwaachia huru?

Siafiki. Kware wa kufugwa ni wa jamii ya Japani, waliochaguliwa kwa ajili ya kutaga kwa vizazi vingi hata wengi wao hawaatamii tena, ndiyo maana mfugaji hutumia mashine ya kutotolesha. Ukiwaachia utakuwa umewalisha nguchiro na mwewe, na huenda ukaingiza magonjwa porini.

Nipande miti?

Si kwa ajili ya tombo, ambao ni ndege wa nyasi za wazi. Vichaka vichache vya asili vinatosha. Mikaratusi ipande kwingine.

Baba mkwe wangu huchoma malisho kila Septemba. Kuna ubaya?

Upo. Majani ya Septemba yamekauka kabisa, hivyo moto huwa mkali na huacha ardhi tupu wakati vuli inakaribia na tombo wanatafuta pa kujificha. Mwombe kwa adabu, pengine mbele ya mzee mwenzake, achome sehemu moja tu kila mwaka na nyingine zipumzike.

Wakirudi, ninaweza kuwatega?

Bila kibali, hapana. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma hata wakiwa ndani ya shamba lenye hati. Habari za vibali huulizwa kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.