Kabla ya kushika mwiko, tafuta maji

Wadogo zangu mnaokuja Uingereza na ufundi wa uashi mkononi, mkiitwa kwenye ukarabati wa makanisa ya kale ya vijijini, msifungue mfuko wa saruji. Mimi niliufungua. Siku zangu za mwanzo huko Norfolk, mashariki mwa nchi, niliachiwa ufa mmoja chini ya dirisha. Nikaziba kwa saruji, nikasawazisha, nikajisifu. Baada ya msimu mmoja wa baridi lipu pembeni ya kiraka changu ilikuwa inababuka. Fundi mkuu hakugomba. Alinipa patasi tu, nikashinda kutwa nikichimbua kazi ya nusu saa.

Kuta hizi ni nene, zimejengwa kwa gumegume, jiwe gumu sana, na chokaa, na chini ya msingi hakuna kitu cha kuzuia unyevu. Maji huingia, kisha hutoka polepole kupitia chokaa. Ukiyafungia mlango kwa saruji, maji hubaki ndani, huganda baridi inapokuja, na yakiganda hutanuka na kuvunja. Aliyelelewa kwenye nyumba za mawe za Lamu au Unguja asishangae. Sisi tulichoma matumbawe, wao wakachoma mawe ya chaki, na vyote viwili ni mabaki ya viumbe wa baharini. Chokaa ni ile ile. Ila gumegume ni shida yake peke yake: halinyonyi maji hata tone, kwa hiyo chokaa hukauka taratibu mno. Ukipandisha ukuta mrefu kwa siku moja, mawe yatateleza yakushukie miguuni.

Norfolk ina makanisa zaidi ya 600 ya zama za kati, kwa hiyo kazi haiishi. Lakini kama una Jumamosi moja tu ya mapumziko, nenda Houghton-on-the-Hill ukalione kanisa la Mtakatifu Maria. Kijiji chenyewe kimetoweka, limebaki kanisa. Mwaka 1992 mama mmoja, Gloria Davey, aliliona akiwa matembezini: mmea mtambaazi umelimeza, paa halipo, na ndani kuna alama za watu waliokuwa wakimwabudu Shetani. Mumewe, Bob, mzee aliyekwisha kustaafu, akaanza kulisafisha kwa mikono yake na kuwatimua wale watu. Msaada wa fedha za ukarabati ulikuja baadaye.

Sasa sikilizeni kilichomo ukutani. Chini ya matabaka ya lipu ya miaka ya baadaye kulikuwa na picha za mwishoni mwa karne ya 11: Siku ya Hukumu, na Utatu Mtakatifu, Baba akimshika Mwana msalabani. Ni miongoni mwa picha za ukutani za kale kabisa Uingereza. Jiulize lingetokea nini kama fundi mwenye haraka angetangulia na nyundo, akabandua lipu yote "mbovu" ili aanze upya. Hilo si jambo la kubuni. Katika karne ya 19 makanisa mengi yalikwanguliwa hivyo hadi mawe yakabaki uchi, ndipo William Morris, msanii na mwandishi wa Kiingereza, na wenzake wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877. Msimamo wao ni kukarabati kilichopo, si kulirudisha jengo kwenye sura ya kukisia. Kwa hiyo lipu ya zamani igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia tupu, usiibandue. Mwite mtaalamu wa picha, nawe kanywe chai.

Mengine ni ya kawaida. Kwenye kanisa la Anglikana linalotumika hugusi jiwe kabla ya kibali cha dayosisi. Popo wanalindwa kisheria, hata wakinyea madhabahu, na wanaweza kukusimamishia kazi. Chokaa usiipake joto likishuka chini ya nyuzi 5, na uliyoipaka ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa isikauke kwa pupa. Magunia hayo watu huyadharau hadi lipu ipasuke.

Siku hizi nikifika kanisa jipya naomba mvua. Inyeshapo wenzangu hukimbilia garini, mimi nazunguka nje nikitazama juu: mfereji gani umefurika, bomba gani linatema ukutani, wapi udongo wa kaburi umepanda kupita sakafu ya ndani. Mara ya mwisho tuliitwa kutibu ukuta wa kaskazini uliokuwa umeota ukungu toka chini hadi dirishani, na makadirio ya lipu mpya yalikuwa tayari. Nilipanda ngazi na tochi. Ndani ya bomba kulikuwa na kiota cha njiwa.