Mchele, mtele, mchere

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama ni vizuri kumsahihisha mtu anayekosea kutamka jina la chakula. Kwangu mimi ni ndiyo, tena papo hapo, kabla tonge halijashuka. Anayetia "sukali" kwenye chai aambiwe. Wa "kachumbali" naye aambiwe. Wa muhogo na mhogo tuwaache, vita hiyo haina mshindi, na mambo ya kabichi na kabeji ni ya mpaka wa Namanga, ukishavuka unabadilisha.

Lakini mmeuliza kama tusahihishe, hamkuuliza nani amsahihishe nani. Hapo ndipo penye kazi.

Siku ya kuamkia harusi ya mdogo wangu, hapa Tanga, wanawake tulikaa uani kuchagua mchele wa biriani. Kwenye jamvi alikuwepo shangazi yangu wa Mombasa, bibi mmoja jirani mzaliwa wa Unguja mjini, wifi yangu wa Musoma, na mimi. Shangazi akanyoosha mkono: "Nipa hiyo sinia ya mtele." Bibi wa Unguja akaacha kuchagua. "Sinia ya nini, shoga?" "Ya mtele." "Mchele, mwenzangu. Che, che." Shangazi hakunyanyua hata macho, alikuwa ameishika chuya moja kwa ncha za kucha, akaitupa pembeni. "Na hiyo ch yenu mwaipata wapi nyingi hivyo? Mchele, mchuzi, chungwa. Sisi twala mtele na mtuzi, na tumeshiba."

Wakaendelea hivyo, sinia ikisukumwa huku na huku. Bibi wa Unguja akadai kitabu cha shule kinasema mchele. Shangazi akajibu kwamba kitabu hakijawahi kupika. Ndipo wifi, ambaye muda wote alikuwa kimya akipepeta, akasema kwa upole, "Mimi nilijua ni mchere."

Ghafla maadui wakawa kitu kimoja! Walicheka mpaka wakafutana machozi kwa ncha za kanga. "Ulimi umeteleza, mwanangu." Wifi akangoja wamalize, akauliza, "Shangazi, wewe umetoa ch ukaweka t, unaitwa Mswahili. Mimi nimegeuza l tu. Mbona naitwa mshamba?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Shangazi akasema tuchague, maneno hayaivi. Kesho yake mjomba mmoja wa upande wa bwana harusi akang'ata jiwe mbele za watu, na shangazi akawahi kusema: "Hilo limetoka kwenye mchele. Kwenye mtele hamna mawe."

Nimeandika mpaka hapa nikiwa na nia ya kuwatetea wasahihishaji, na sasa swali la wifi limenikalia kooni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wangeichagua Kimvita, lahaja ya Mombasa, mtoto wa Dodoma angekuwa anachapwa kwa kusema mchele. Na kuna mambo ambayo maandishi yetu hayayaonyeshi kabisa. Shangazi hutofautisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi anayoitoa kwenye k. Mimi natamka yote sawasawa, naye huniambia nakula makaa. Kwake mimi ndiye wa kusahihishwa, pamoja na cheti changu.

Hata hivyo siendi na wifi mpaka mwisho. Mtele una wenyewe, una miji yake na mashairi yake ya zamani. Kubadili l na r ni jambo jingine, maana kula si kura, na nimeona bango limeandikwa "njooni mpige kula". Lakini nikiwa mkweli, mezani sijaona mtu aliyeagiza "wari" akaletewa kitu kingine. Chakula kipo mbele yenu, kinajieleza chenyewe.

Kwa hiyo ninabadilisha niliyosema juu, kwa masharti. Mgeni msimsahihishe. Mamantilie msimsahihishe kabisa, hasa kabla hajapakua. Mtu wenu wa utani mcharureni mtakavyo, mradi naye ana ruhusa ya kurudisha. Anayeandika ubao wa vyakula au kitabu cha watoto hana msamaha, afuate sanifu. Na mwanangu akisema "sukali" bado namwambia arudie. Likizo hii anakwenda Mombasa kwa shangazi, na najua atarudi na "mtele". Hiyo nitaiacha. Labda.