Mwanangu, kipenga hakitaki ukali

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Umeniambia kuna kozi ya marefa wanaoanza inakuja huko kwenu Kasarani, mwenzako kazini anakuhimiza mjiandikishe pamoja, na roho yako inataka ila una hofu moja: wewe ni mpole, sauti yako haifiki ng'ambo ya pili ya uwanja, na umesikia kwamba refa wa Nairobi asipokuwa mkali watampanda kichwani. Halafu ukaniuliza, "Mama, wewe miaka yote hiyo ya kushika kibendera uliwezaje?" Kwenye simu tungeishia kwa bei ya unga, kwa hivyo nimeona nikuandikie.

Jiandikishe. Habari ya ukali iache. Wachezaji wa mitaani humzoea mpiga kelele kabla hata ya dakika ya ishirini, na baada ya hapo anahesabiwa pamoja na mashabiki. Anayesikilizwa ni refa aliyekuwa karibu na tukio. Anapuliza, beki anageuka mikono juu, tayari kubisha, anamkuta refa kasimama hatua chache tu kutoka kwake, na ile mikono inashuka yenyewe. Refa huyo huyo akitoa penalti huku bado yuko kwenye duara la katikati, hata kama ameona barabara, atazingirwa na timu nzima pamoja na benchi.

Kwa hivyo anza na miguu. Refa wa kati hukimbia kilomita 10 hivi kwa mechi moja, na kwenye viwanja vyetu vya vumbi na mashimo hizo si kilomita za barabarani. Jaribio la mbio ambalo FIFA huwapa waamuzi wake lina sehemu mbili. Kwanza unatimka mita 40, mara 6. Kisha unakimbia mita 75, unatembea 25, na kurudia hivyo mara 40, yaani mizunguko 10 ya uwanja wa riadha, mita 4,000. Kila kipande kina sekunde zake. Kozi ya mwanzo haitakudai hayo yote siku ya kwanza, lakini ndiko safari inakoelekea, na wengi niliowaona wakikata tamaa walikatia hapo, wala si kwenye mtihani wa karatasi. Wewe unayekaa kitini kutwa nzima na kupanda boda kutoka stegi hadi mlangoni, usingoje tarehe ya kozi.

Sauti sasa. Mwanangu, sauti ya refa ni kipenga, na kipenga kina lafudhi. Faulo ndogo ya katikati ya uwanja, mpulizo mfupi. Rafu ya kuumiza, mrefu na mkali, mtu ajue kadi inakuja kabla hujatia mkono mfukoni. Na siri yenyewe ni kutokupuliza ovyo. Mpira ukitoka wazi kuwa wa kurusha, au wa kona, au wa goli (ule unaopigwa kutoka golini), sheria haikudai kipenga. Onyesha kwa mkono, mchezo uendelee. Refa anayepulizia kila kitu anajikuta siku ya penalti ana mlio uleule aliotumia kwa mpira wa kurusha, na hakuna anayeshtuka.

Darasani mtafundishwa sheria 17. Ni chache, usiogope, ila zisome katika kitabu chenyewe cha IFAB, ile bodi iliyoanzishwa mwaka wa 1886 na ambayo mpaka leo ndiyo huandika sheria za mpira. Usitegemee ulichosikia kwenye televisheni au kwa mjomba wako. Sheria ya 5 ni yako, refa. Sheria ya 12, ya faulo na utovu wa nidhamu, ndiyo itakayokukosesha usingizi. Na kitabu hubadilika. Tangu Julai 2025, kipa akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na refa huinua mkono akihesabu sekunde 5 za mwisho kwa vidole. Zamani ilikuwa sekunde 6 na mpira wa adhabu, na karibu kila refa alijifanya haoni. Napenda hii mpya; kuhesabu hadharani kunaondoa ubishi.

Baada ya kozi watakupa mechi za watoto, na mara nyingi watakupa kibendera, yaani uwe refa msaidizi wa pembeni, kabla ya kipenga. Usione wamekudharau. Mimi nilikaa huko kwa hiari yangu. Ukiwa na kibendera unasimama sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho (kipa naye huhesabiwa, wengi husahau), na mpira ukimpita huyo kuelekea goli unaufuata mpira. Ugumu wa kuotea (offside) ni kwamba jicho moja litazame mguu unaopiga pasi na jingine limtazame mshambuliaji, kwa sababu kinachohukumiwa ni alikokuwa wakati mpira unapigwa, wala si alikokuwa ulipomfikia. Mashabiki wa nyuma yako wameona ulipomfikia. Watakutukana kwa uhakika kabisa. Halafu kumbuka zile tatu: mpira wa kurusha, wa kona na wa goli, ukipokelewa moja kwa moja kutoka hapo, hakuna kuotea. Pale uwanja wa Camp Toyoyo nimewahi kusikia wazee wazima wakiapa kwamba kuna kuotea kwenye mpira wa kurusha.

Matusi yapo, na kwa mwanamke huwa machafu zaidi, sitakudanganya. Ya mashabiki yaache yapite. Ya mchezaji au kocha yana kadi, itoe bila hotuba. Ukihisi hatari, sheria inakuruhusu kusimamisha mechi na hata kuivunja, kisha unaandika ripoti ya yaliyotokea, bila kuongeza chumvi. Timu ikibaki na wachezaji chini ya 7 pia mechi haiendelei, hata wakuombe vipi.

Lakini usiende ukidhani unakwenda mahali ambapo wanawake hawajafika. Mary Njoroge wetu ameshika kibendera kwenye Kombe la Dunia la wanawake nchini Ufaransa mwaka wa 2019. Na jirani yetu wa Rwanda, Salima Mukansanga, tarehe 18 Januari 2022 mjini Yaoundé alichezesha Zimbabwe na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Tafuta video zake, uzime sauti, utazame anavyokimbia tu na mahali anaposimama.

Kazi yako usiache. Posho za ligi za chini ni nauli na chakula, na kuna nyakati hukawia hadi msimu unaisha. Peter Waweru, ambaye amechezesha Kombe la Mataifa ya Afrika, ni mhadhiri wa hisabati. Kama yeye hajaacha chaki, wewe usiache ofisi. Na umri bado unakuruhusu kwenda polepole: beji ya FIFA, ile ya mechi za kimataifa, kwa refa wa kati haitolewi chini ya miaka 25, kwa msaidizi 23.

Jambo moja ndilo nitakalokuwa mkali kwalo, mimi na si wewe. Kuna mtu atakuita pembeni kabla ya mechi akupe "ya soda". Atakuwa mtu mzuri, pengine mnafahamiana, atakuambia hataki chochote, ni shukrani ya kufika. Usichukue, hata shilingi hamsini, hata ikija kwa simu. Irudishe hapo hapo na umwambie kamishna wa mechi. Mwaka wa 2018 mwamuzi msaidizi wa hapa Kenya alikuwa ameshateuliwa kwenda Kombe la Dunia kule Urusi, ikatoka video iliyorekodiwa kwa siri ikimwonyesha akipokea dola 600. Hakushika kibendera Urusi. Alikuwa hodari, nami nilikuwa nikimtazama kila alipopewa mechi.

Vitu vya kununua: vipenga viwili, saa mbili, kadi, kijitabu, penseli badala ya kalamu kwa sababu ya mvua. Viatu vya meno mafupi, kiwanja chetu ni kigumu. Usinunue jezi mpaka wakuambie rangi.

Wikendi za kozi mtoto mlete kwangu Ijumaa jioni, umchukue Jumapili. Kipenga changu cha zamani usikitegemee, mwanao alishakikanyaga.

Mama yako